Ulimbwende si urembo: Tuisome upya fasihi ya awali ya Marekani

NENO ulimbwende limetuponza. Katika kurasa za burudani, mlimbwende ni kipusa aliyevishwa taji baada ya kupita jukwaani kwa madaha. Katika mazungumzo ya kila siku, ni mtu wa kujikwatua na kujitazama kwenye kioo. Katika taaluma ya fasihi nako, hilohilo ndilo jina tulilolipa vuguvugu kubwa la kifikra na kisanaa lililozuka Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, likavuka Atlantiki na kutamalaki katika fasihi ya Marekani hadi miaka ya 1860.

Matokeo yake tunayaona katika insha na hata tasnifu za wanafunzi wetu. Mwanafunzi anasoma shairi, anakutana na mbalamwezi, ua na moyo unaougua, basi! Anaandika kwa uhakika kwamba shairi hilo ni la kilimbwende. Kisha anaorodhesha sifa: kuyatukuza maumbile, kutanguliza hisia, kumkweza mtu binafsi, kuupa ubunifu nafasi kuliko mantiki. Mtahini anatia alama, na kila mtu anakwenda zake akiwa ameridhika.

Sisemi kwamba orodha hiyo ni ya uongo. Ninalosema ni kwamba orodha hutuambia walimbwende walipenda nini bila kutuambia waligombana na nani. Na mkondo wa fasihi usiojulikana ugomvi wake hugeuka pambo la ukutani. Katika makala haya nitaitumia Marekani kuonyesha kwamba ulimbwende ulikuwa uwanja wa mabishano makali kuhusu ardhi, utumwa na nani hasa anastahili kuitwa mtu.

TAIFA LISILO NA MAGOFU

Tuanzie kwenye historia. Marekani ilijitangazia uhuru mwaka wa 1776, lakini uhuru wa kalamu ulichelewa. Vitabu vilivyosomwa Boston na New York vilitoka London. Mnamo 1820, Sydney Smith, mhakiki Mwingereza, aliwakebehi Wamarekani katika jarida la Edinburgh Review kwa kudai kuwa hakuna popote duniani anayesoma kitabu chao. Kebehi hiyo iliwachoma. Wasomaji wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa maumivu ya taifa changa linaloambiwa halina fasihi.

Tatizo lilikuwa hili: walimbwende wa Ulaya walikuwa na magofu ya ngome, makanisa ya karne za kati, na ngano za kale za wakulima. Mmarekani mweupe angeandika nini, ilhali taifa lake halijatimiza hata miaka hamsini?

Washington Irving alijibu kwa kuazima. Katika The Sketch Book, kilichotoka kati ya 1819 na 1820, alichukua ngano ya Kijerumani akaipandikiza katika milima ya Catskill, jimbo la New York. Akamuumba Rip Van Winkle, mwanamume mvivu anayelala miaka ishirini na kuamka akiwa raia wa nchi nyingine. Alilala akiwa chini ya mfalme wa Uingereza, akaamka akiwa chini ya rais. Wengi huisoma hadithi hiyo kama kichekesho cha mume anayemkimbia mke mkali. Mimi naiona kama swali la kisiasa: ikiwa mtu anaweza kuyalala mapinduzi mazima, akaamka na kuendelea kuketi kwenye benchi lake akipiga soga, mapinduzi hayo yalibadilisha nini?

Wengine walijibu kwa kuelekeza kidole kwenye msitu. Hatuna magofu, walisema, ila tuna mito, maporomoko na misitu ambayo Ulaya haijawahi kuota. James Fenimore Cooper alitunga riwaya tano, kati ya 1823 na 1841, juu ya mwindaji mmoja anayeukimbia mji kila unapomkaribia. Ralph Waldo Emerson naye akachapisha kitabu chake Nature mnamo Septemba 1836, mjini Boston, akidai kuwa mtu anaweza kuufikia ukweli mkuu moja kwa moja, kwa dhamiri yake na kwa kuyatazama maumbile, bila kupitia kwa kasisi wala mapokeo ya waliotangulia. Mwaka uliofuata, katika hotuba yake ya Harvard kuhusu msomi wa Kimarekani, akawataka wenzake waache kuwa wanafunzi wa Ulaya milele. Hotuba hiyo ilikuja kuitwa tangazo la uhuru wa kiakili.

Mpaka hapo, hadithi hii ni tamu. Hebu sasa tuigeuze tuone upande wa pili.

MSITU ULIOJAA WATU

Msitu ule haukuwa mtupu. Mnamo Mei 28, 1830, Rais Andrew Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili na kuwapeleka magharibi ya mto Mississippi. Watu wa Cherokee waling'olewa kwa mtutu wa bunduki mnamo 1838, na inakadiriwa kwamba takriban 4,000 kati yao walikufa kambini na njiani. Yote hayo yalitendeka katika miaka ileile ambayo maumbile ya Marekani yalikuwa yakiimbwa kama bustani ambayo Mungu amemaliza kuiumba jana.

Mtazame Cooper tena. Mnamo 1826 alichapisha The Last of the Mohicans, riwaya yake mashuhuri kuliko zote. Uzito wote wa anwani hiyo umo katika neno "wa mwisho". Shujaa kijana Uncas anakufa, ukoo wake unafungwa, na msomaji analia. Machozi hayo ni matamu kwa sababu hayamgharimu mtu chochote. Anayemlilia marehemu haombwi kumrudishia shamba. Ilhali Wamohikani hawakuwa wamekwisha. Jamii yao, ijulikanayo leo kama Stockbridge-Munsee, ingali hai katika jimbo la Wisconsin. Riwaya iliwazika watu ambao walikuwa bado wanapumua, na miaka minne baadaye sheria ikaja kuwafukuza wenzao walio hai.

Haya si mashtaka ya leo yanayobandikwa juu ya watu wa jana. Wapo waliosema palepale. William Apess, mhubiri wa Kimethodisti wa kabila la Pequot, alichapisha tawasifu yake mnamo 1829. Januari 1836, mwaka uleule na katika mji uleule ambamo Nature ya Emerson ingetoka, Apess alisimama mbele ya hadhira ya Boston akamsifu Metacom, kiongozi wa wenyeji aliyeuawa na walowezi mnamo 1676. Walowezi walimwita Mfalme Philip na kumfundisha mashuleni kama adui. Apess alimpandisha daraja akamlinganisha na George Washington mwenyewe. Ukitafuta sifa za kilimbwende hapo, zimejaa tele: shujaa anayepambana peke yake, mapenzi kwa ardhi, hisia kali, historia inayofufuliwa. Hata hivyo, ni wangapi kati ya wanaofundisha Emerson humtaja Apess?

Miaka kumi na mitano baadaye, Herman Melville aliipa merikebu ya Moby-Dick (1851) jina la Pequod, kutokana na watu hao wa Pequot, na msimulizi akawataja kama kabila lililokwisha kutoweka. Apess wa Pequot alikuwa amechapisha vitabu. Wapequot wangali wapo hadi hii leo katika jimbo la Connecticut. Hata mtunzi mkubwa kama Melville, ambaye alikuwa na jicho la kuona unafiki wa zama zake, aliumeza uongo huo bila kuutafuna.

Yupo pia Jane Johnston Schoolcraft (1800–1842), ambaye mama yake alikuwa Mwojibwe na baba yake mfanyabiashara kutoka Ireland. Alitunga mashairi kwa Kiingereza na kwa Kiojibwe. Mojawapo, alilolitunga kwa Kiojibwe, linahusu uchungu wa mama aliyewaacha watoto wake katika shule za mbali, mashariki mwa nchi. Yeye na jamaa zake ndio waliomsaidia mumewe, Henry Rowe Schoolcraft, kukusanya ngano za Waojibwe. Ngano hizo ndizo alizozitumia Henry Wadsworth Longfellow kuandika The Song of Hiawatha, utenzi uliompa sifa kubwa mnamo 1855. Jina la mwanamke huyo likamezwa. Jambo hili litusute sisi wenye hazina kubwa ya fasihi simulizi: anayeandika hukumbukwa, anayesimulia huwa "chanzo".

Kwa haki, Emerson hakunyamaza kabisa. Aprili 1838 alimwandikia Rais Martin Van Buren barua kali akipinga kufukuzwa kwa Wacherokee. Barua haikuzuia kitu. Lakini inatuonyesha kwamba ulimbwende huohuo uliofumba macho ulikuwa pia na nyenzo za kuyafumbua. Ukisema dhamiri ya mtu iko juu ya desturi na amri, ipo siku dhamiri hiyo itakudai usimame na uizungumzie serikali.

PAKA WA ZANZIBAR, KITAMBAA CHA MERIKANI

Hapo ndipo anapoingia Henry David Thoreau. Mnamo Julai 4, 1845, siku ya maadhimisho ya uhuru, alihamia katika kibanda alichokijenga mwenyewe kando ya ziwa Walden, Concord, katika shamba la rafiki yake Emerson. Alikaa huko miaka miwili na ushei. Kitabu chake, Walden, kilitoka mwaka wa 1854, na wengi wamekifanya kuwa msahafu wa ulimbwende: mtu mmoja, kibanda, ziwa, upweke na ndege.

Ila msomaji makini atagundua kwamba Thoreau hakusema yuko peke yake katika historia ya mahali pale. Katika sura moja anawakumbuka waliowahi kuishi katika msitu huo: Cato, Zilpha, Brister Freeman, watu weusi waliokuwa watumwa, au waliotoka utumwani, wakajishikiza pembezoni mwa mji kwa kuwa hakukuwa na kwingine. Kilichobaki ni mashimo ya nyumba zao na miti ya matunda. Magofu ambayo Wamarekani walidai hawana, yalikuwapo. Yalikuwa ya watu ambao hawakuhesabiwa.

Karibu na mwisho wa kitabu, Thoreau anawacheka watu wanaozunguka dunia kwa safari ndefu zisizowafundisha kitu, na mfano anaouchagua ni wa mtu anayekwenda kuwahesabu paka wa Zanzibar. Wahakiki wa Kimarekani hupita hapo wakitabasamu. Kwao, Zanzibar ni jina la mbali lenye mlio wa kuchekesha. Mimi, msomaji wa Kiswahili, siwezi kupita. Kwa nini Zanzibar?

Jibu liko bandarini. Salem, mji usio mbali na Concord katika jimbo hilohilo la Massachusetts, ulikuwa na biashara kubwa na Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Sayyid Said ulitiwa saini mwaka wa 1833. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika Unguja mnamo 1837, alikuwa mtu wa Salem. Merikebu zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Zilikuja na nini? Zilikuja na kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho wahenga wetu walikiita merikani, au amerikani. Kilivaliwa pwani na bara, kikabebwa na misafara, na katika njia za biashara kikatumika kama fedha.

Sasa fuatilia uzi huo. Merikani ilifumwa katika viwanda vya New England, na pamba yake ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Thoreau mwenyewe, mwanzoni mwa Walden, anaulaumu mfumo wa viwanda vya nguo kwa kuwatajirisha wenye kampuni badala ya kuwavika watu. Anaijua nguo, anaijua Zanzibar, na anauchukia utumwa kiasi kwamba Julai 1846 alikubali kulala jela usiku mmoja kuliko kulipa kodi kwa serikali inayoutetea. Mambo matatu yako mkononi mwake, ila hayafungi fundo moja. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Fundo hilo tunaweza kulifunga sisi, kwa kuwa lugha yetu imelihifadhi neno merikani.

Aidha, tukumbuke kwamba Nathaniel Hawthorne, mzaliwa wa Salem, alikuwa ofisa wa forodha katika bandari hiyohiyo kati ya 1846 na 1849. Katika utangulizi wa The Scarlet Letter (1850) anaieleza ofisi hiyo, na anataja merikebu zilizokuwa zikitia nanga zikitoka Afrika. Katika utangulizi huohuo ndimo anamoeleza nadharia yake ya mbalamwezi: kwamba mwanga wa mwezi ukiingia katika chumba cha kawaida, viti na vitu vya watoto vilivyozoeleka huwa vigeni, na mahali hapo katikati ya uhalisi na njozi ndipo mtunzi anapofanyia kazi.

Zingatia basi: mbalamwezi ya Hawthorne si pambo. Ni chombo cha kufanya kilichozoeleka kitazamwe upya. Na alichokitazama nacho ni dhambi za mababu zake, maana babu yake mmoja, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka wa 1692. Huo ndio upande unaoitwa ulimbwende wa giza, pamoja na Melville na Edgar Allan Poe. Wao walimwuliza Emerson swali moja: je, ukiisikiliza nafsi yako nayo ikawa imeoza? Kapteni Ahabu wa Moby-Dick anajitegemea kikamilifu, hamsikilizi mtu, na anawazamisha mabaharia wake karibu wote.

ALIYEKATAZWA KUWA NAFSI

Nimemweka Frederick Douglass mwisho kwa makusudi. Alizaliwa mtumwa Maryland mnamo 1818, akatoroka mwaka wa 1838, na mnamo 1845 akachapisha simulizi ya maisha yake. Vitabu vingi vya nadharia humweka katika sanduku lake peke yake, "simulizi za watumwa", kana kwamba hakuishi katika zama za Emerson wala hakuhutubia katika jimbo hilohilo.

Lakini yasome yale anayoyasimulia. Kijana mtumwa anasimama ukingoni mwa ghuba ya Chesapeake siku ya Jumapili, anazitazama tanga nyeupe zikielekea baharini, kisha anazisemesha. Kuisemesha bahari na jahazi ni mbinu kongwe ya kilimbwende. Tofauti ni kwamba mlimbwende wa kawaida akimaliza kuisemesha bahari hurudi nyumbani kula chajio. Douglass alirudi kwa Edward Covey, mtu aliyekuwa na sifa ya kuwavunja watumwa kwa mijeledi. Na siku alipoamua kupigana naye, asishindwe, anatuambia kuwa hapo ndipo alipozaliwa upya.

Emerson aliandika insha juu ya kujitegemea mnamo 1841. Douglass alipochapisha kitabu chake miaka minne baadaye, alikuwa bado, kwa mujibu wa sheria, mali ya mtu. Ilibidi akimbilie Uingereza na Ireland asikamatwe, na uhuru wake wa kisheria ukanunuliwa kwa michango ya marafiki mwishoni mwa 1846. Nani basi alijua zaidi maana ya kujitegemea? Yule aliyezaliwa nayo, au huyu aliyeipigania kwa ngumi na kalamu? Kwangu mimi, kitabu cha Douglass ni miongoni mwa kazi za kilimbwende zilizo kamili zaidi Marekani, kwa sababu kinaichukua ahadi kuu ya mkondo huo, kwamba kila nafsi ina thamani yake, na kuidai ilipwe.

Deni hilo halikulipwa kwa insha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mnamo 1861. Pamba ikaadimika, shehena za merikani zikapungua Zanzibar, na fasihi ya Marekani ikaanza kuelekea kwenye uhalisia. Walimbwende hawakushindwa na nadharia bora zaidi. Walishindwa na mambo waliyoyaacha nje ya picha.

TUFANYE NINI DARASANI?

Sipendekezi tumfukuze Emerson wala tumchome Cooper. Napendekeza tubadilishe maswali. Badala ya kumwuliza mwanafunzi ataje sifa tano za ulimbwende, tumwulize: maumbile yanayosifiwa hapa ni ardhi ya nani? Nafsi inayojitukuza inalishwa na jasho la nani? Nani anaitwa "wa mwisho", na je, kweli amekwisha? Maswali hayo yatafaa vilevile kwa riwaya na mashairi ya Kiswahili yanayosifu mbuga, bahari na mashamba ya karafuu.

Kuhusu neno lenyewe, sidhani tunahitaji kulitupa ulimbwende na kubuni jingine. Limeshaota mizizi vyuoni. Ila mwalimu atakayeliandika ubaoni wiki hii awafahamishe wanafunzi wake mapema kwamba halihusiani na taji wala gauni. Kisha awape sura za Douglass kabla ya zile za Emerson, aone mjadala utakavyowaka.